Mkono wa Kufungulia Filta

Rafiki yangu, kama uliwahi kuamini jambo fulani kuhusu baba yako tangu utotoni, ukalizoea kama unavyozoea kovu, halafu mtu asiyekujua akaligeuza upande wa pili mbele ya macho yako, basi utanielewa. Mimi limenikuta juzijuzi tu, nyumbani kwetu Mamba, milimani Upare, nikiwa nimechuchumaa kwenye matope kando ya tairi la mbele la pikapu ya marehemu baba. Mpaka sasa ninavyoandika sijatulia. Namimina chai, naisahau, inapoa.

Nilikuwa nimepanda kwenda kumwona mama na kumaliza habari ya hiyo pikapu. Tangu baba afariki ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba kwenye banda la mabati, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria. Mnunuzi alikuwa amepatikana Same, mtu wa kubeba mchanga, naye alitaka gari lishuke likitembea lenyewe. Nikamwita fundi kijana wa huko Same, akaja na pikipiki yake, mkoba wa spana mgongoni, aweke betri mpya, abadilishe oili na filta, halafu alishushe.

Alipofungua boneti nikamwambia filta aniachie mimi. Akanitazama gauni langu la kanisani, akatabasamu kwa adabu. Nikamweleza kwamba filta ya gari hili imejificha pabaya, nyuma ya pampu ya dizeli, chini ya mabomba ya hewa, na mkono wa mtu mzima haupiti hapo. Utotoni, nikamwambia kwa majivuno kidogo, niliyekuwa naifungua ni mimi. Nikapandisha mkono wa gauni, nikapenyeza.

Mkono wangu ulikwama hata kabla ya kiwiko. Nikausukuma mpaka ngozi ikachubuka, na ncha za vidole zikaigusa filta, ya baridi, yenye vumbi lililoshikana na oili. Niliitambua papo hapo. Kuishika sikuweza. Nikautoa mkono ukiwa na damu kidogo, na nakwambia niliona aibu, kana kwamba nimegonga hodi nyumbani kwetu nikaambiwa wenyewe wamehama.

Fundi akasema basi tutoe tairi, tupite pembeni. Nikacheka. Nikamwambia asijisumbue, huko pembeni ni chuma kitupu, jambo hilo lilishathibitishwa zamani mbele ya ukoo mzima. Yeye akainua mabega, akaenda kutafuta jeki. Ngoja nikueleze wewe, maana yeye hakuwa na muda wa hadithi.

Mamba ya utoto wangu ilinukia tangawizi mbichi. Msimu wa kuvuna, tangawizi ilikuwa kila mahali: kwenye mikeka uani, kwenye magunia barazani, kwenye kucha zetu. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuiosha mferejini, maji ya baridi yanayokufanya usisikie vidole, tukiimba ili tusahau. Ukirudi nyumbani unakuta makande yamechemka tangu asubuhi, mahindi yamepasuka na maharage yamelainika, mama anayapakua na juu yake maziwa mgando. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, lakini sijakutana na kilichonipasha joto namna ile.

Na katikati ya harufu ya tangawizi ilikuwapo harufu ya dizeli, kwa sababu baba alikuwa na pikapu. Usifikirie utajiri. Gari lenyewe alilinunua likiwa tayari limechoka, rangi imebabuka, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Lakini lilikuwa ndilo gari la kijiji. Lilishusha tangawizi ya watu wote, lilishusha wagonjwa na wajawazito, lilipandisha chumvi, mabati, hata maharusi. Mvua ikikata barabara, pembe ililia asubuhi kuita watu kwenye msaragambo, kazi yetu ile ya pamoja ambayo mwenye mikono miwili hakosekani, na wanaume wakatoka na majembe na wanawake na mawe kichwani, wakajaza mashimo mpaka pikapu ipite. Barabara ilikuwa ya wote, kwa hiyo na gari watu waliliona kama la wote, na baba hakubishana nao.

Baba hakuwa mtu wa kubishana na yeyote. Maneno yake yalikuwa machache kama vile anayanunua. Tena alikuwa mbahili, na hapo najua majirani zetu wa mikoa mingine mnacheka, mnasema Mpare gani si mbahili. Haya, chekeni. Lakini baba alizidi hata Wapare. Hakutupa msumari uliopinda. Jumapili mchana alikaa na nyundo na jiwe, akainyoosha misumari yote ya wiki. Hakutupa kamba, kopo, wala kipande cha mpira. Mama alisema siku moja atakataa hata kutupa moshi wa jikoni.

Servisi ya gari ilikuwa ikifanyika gereji huko Same. Mwaka mmoja mvua za masika zilikata barabara vibaya, oili ikawa nyeusi na nzito, na baba akaamua kuibadilisha mwenyewe. Nakumbuka alivyolizunguka gari. Alilala chini, akatazama kwenye tairi, akayatazama matope, akainuka, akatazama kutoka juu. Halafu akaniita. Nilikuwa na umri wa kupoteza meno, na mkono wangu ulikuwa mwembamba kama mpini wa mwiko.

Akaniambia niingize mkono nyuma ya pampu. Nikataka kuchungulia, akanizuia. "Usitazame kwa macho," akasema. "Tazama kwa vidole." Nikaipata, duara, laini, ya uvuguvugu. Akanipa mkanda aliouchana kwenye tyubu ya baiskeli na kuufunga kwenye chuma kirefu, nami nikauzungusha kwenye filta kwa kupapasa, yeye akavuta chuma kutoka nje mpaka ile filta ikalegea kwa mlio mdogo. Iliyobaki nikaifungua kwa vidole, polepole, oili ya vuguvugu ikinitiririka mpaka kwapani. Filta mpya niliipaka oili kwenye mpira wake kwa kidole, nikaikaza mpaka ikagusa, kisha nikaikaza tena kidogo. Baba akawasha gari, akainama kuangalia kama inavuja, haikuvuja. Akacheka. Kicheko cha baba ulikuwa unakisikia mara chache sana, kwa hiyo nakikumbuka hata leo.

Mimi ni mkunga, rafiki yangu. Kazi yangu nusu yake ni kuona kwa vidole mahali ambapo macho hayafiki, na nilijifunzia pale.

Sasa msimu huohuo akaja shangazi kutoka Moshi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu, mwenye vitenge vya kukata pumzi na harufu ya sabuni ya kuogea ya mjini. Alileta mikate na sukari, na sisi watoto tulimpenda mno. Baba alimpenda pia, na zaidi ya kumpenda alimheshimu kama mama, kwa sababu mama yao alifariki baba akiwa hata hajaanza kutembea, na shangazi ndiye aliyembeba mgongoni shambani, akamlisha, akamwogesha, mpaka akawa mtu. Sijawahi kumsikia baba akimwambia dada yake hapana. Sidhani kama kuna aliyewahi.

Shangazi alikuja kunichukua. Binti yake alikuwa amejifungua pacha na alihitaji mtu wa kuwalea. Alisema nitasoma hukohuko mjini. Lakini alishawahi kumchukua binti wa baba mkubwa kwa ahadi hiyohiyo, na yule dada yetu alirudi baada ya miaka na mikono iliyopasuka kwa sabuni, na kusoma tangazo la kanisani hakuweza. Kila mtu alijua. Hakuna aliyelisema, kwa sababu shangazi hakuwa mtu mbaya. Yeye kweli alidhani ameniletea neema.

Mimi nilipenda shule. Nilikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu wetu wa hesabu alishatembea mpaka kwetu kumwambia baba kwamba huyu mtoto asichezewe. Jioni ya siku aliyofika shangazi nilimsikia mama jikoni akimwambia baba kwa sauti ya chini, mwambie hapana, mwambie tu hapana. Baba alipuliza chai yake. Akaipuliza mpaka ikapoa, akanywa, akatoka.

Sisi Wapare jambo halimalizwi na watu wawili. Kikaitishwa kikao cha ukoo. Wazee wakaja, mabenchi yakaazimwa kanisani, mama akapika makande ya sufuria kubwa. Mwenyekiti alikuwa babu mmoja wa ukoo, mgumu kidogo wa kusikia, aliyependa utaratibu kuliko chakula. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni na birika la chai mkononi. Shangazi akaeleza ombi lake vizuri, kwa upole. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kisha babu mwenyekiti akamgeukia baba, akamwuliza ana neno gani.

Nilisubiri. Nilijua atasema kuhusu mwalimu. Nilijua atasema mtoto ana akili.

Baba akasema, "Mtoto haendi. Mkono wake nauhitaji kwenye gari."

Akaeleza habari ya filta, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mpigo mmoja. Kwamba mkono wa mtu mzima haupiti. Kwamba oili isipobadilishwa injini inakufa, na injini ikifa tangawizi ya ukoo itashuka kwa vichwa vya wake zao. Shangazi alishangaa mpaka akasimama. "Mdogo wangu," akasema, "mtoto wa kike unamgeuza spana?"

Wakacheka wengine. Mimi sikucheka. Neno lile lilinichoma, na lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaona baba ameulizwa mbele ya watu mimi ni nani kwake, naye amejibu.

Ukoo mwingine ungemaliza pale. Wetu ulitaka ushahidi. Babu mwenyekiti akaamua kwamba kikao hakiwezi kukata shauri kwa maneno ya upande mmoja. Jumamosi inayofuata shangazi alete fundi wake, wazee wote washuhudie, na kama fundi atafikisha mkono kwenye filta, mtoto aondoke. Kama hatafikisha, abaki. Ilibaki tu kuita polisi wapige picha.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Siku moja katikati yake baba alitutuma sote, mama pamoja nasi, kupalilia maharage kwenye shamba la mbali, na yeye akabaki akisema ana homa. Tuliporudi alikuwa ameketi barazani, kidole gumba kimefungwa kitambaa chenye damu. Akasema panga lilimteleza. Mama akamwuliza mtu mwenye homa alishika panga la nini, yeye akainuka, akaingia ndani.

Kesho yake wakaja wageni, na mama akakosa sinia lake. Lilikuwa sinia la bati lililopakwa rangi ya maziwa, kubwa, na maua ya waridi mekundu katikati, alilopewa na mama yake alipoolewa. Hakulitumia kumpakulia mtu yeyote isipokuwa mgeni. Aligeuza nyumba juu chini. Nikaambiwa mimi nimelisahau mferejini; nikaapa kwa machozi kwamba sikulishika. Mama akapita nyumba kwa nyumba akiulizia, kwa sauti ya kusikika hata kanisani, na jirani yetu wa upande wa chini alinuna juu ya hilo kwa muda mrefu sana.

Jumamosi ikafika. Shangazi alimleta fundi wa malori kutoka huko bondeni kwenye mashamba ya mkonge, mtu wa mikono kama majembe. Wazee walilizunguka gari kama wanakagua ng'ombe wa mahari. Fundi akaingiza mkono kutoka juu, ukakwama. Akajaribu kwa upande mwingine, akachubuka, akatukana kidogo, akaomba radhi kwa wazee. Akalala chini, akainama kwenye tairi, akagonga kwa spana ndani ya madigadi palipoganda matope. Kukatoka mlio wa chuma. Akagonga tena. Akainuka, akapangusa magoti, akasema huku hakuna njia.

Kisha nikaitwa. Mkono ukaingia wote mpaka begani, nikaipata filta, nikaifungua mbele ya macho ya ukoo wetu, oili ikinichafua gauni. Babu mwenyekiti akaomba aione ile filta, akaigeuzageuza, akatangaza kwamba ushahidi umetosha. Shangazi hakunywa hata chai. Alinishika shavu kwa huruma kabisa, akaniambia, "Haya, mwanangu, baki na mafuta yako."

Nikabaki. Nikasoma. Na kila gari lilipohitaji servisi, baba alisimama uani na kuuliza, "Mkono uko wapi?" Hakuita jina langu. Nilipokwenda sekondari ya bweni, oili ilisubiri likizo yangu, na hata kabla sijatua begi nilisikia swali lilelile. Nikaenda na kupenyeza mkono, nikanawa kwa majivu na sabuni ya mche. Nilipokaribia kumaliza kidato cha nne mkono uligoma. Mifupa ilikuwa imekuwa mikubwa. Baba aliutazama, akasema, "Basi. Sasa nitajua mwenyewe." Na alijua mwenyewe, maana gari liliendelea kupanda na kushuka miaka na miaka. Sikuuliza aliwezaje. Nilikuwa nimefurahi kuachwa.

Kazini nimekuwa nikiwasimulia wenzangu kama kichekesho, kwamba wengine walisomeshwa kwa sababu ya akili, mimi nilisomeshwa kwa sababu ya mkono mwembamba. Wanacheka sana. Nami nacheka nao. Lakini nilipokaa kando ya kaburi la baba, ndilo jambo nililokuwa nalo rohoni, na lilinizuia kulia kama wenzangu walivyolia.

Basi turudi kwenye matope. Yule fundi kijana alikuwa amekwisha kutoa tairi. Akakwangua udongo uliogandamana ndani ya madigadi, akagonga, na ule mlio ukatoka, mlio wa siku ile. Nikamwambia, umesikia? Akasema amesikia, lakini hili bati si la kiwandani. Akanionyesha kwa bisibisi. Pembeni limekunjwa kwa nyundo. Bolti zake haziko sawa, kila moja ya aina yake, kama zilizookotwa. Kwenye magari ya namna hii, akasema, hapa panakuwa na pazia la mpira tu, unalisogeza na filta iko mbele yako. Halafu akashika bolti ya kwanza, na badala ya kukaza mkono akashangaa, kwa sababu ilizunguka kwa vidole. Zote zilikuwa zimepakwa grisi.

"Mama," akasema, "hili limefunguliwa na kufungwa mara nyingi."

Akalitoa, akalipindua ili amwage udongo. Upande wa ndani ulikuwa mweusi kwa oili. Sijui nini kilinifanya nipitishe kidole gumba katikati. Oili ikatoka, na chini yake kukatokea wekundu. Nikafuta tena kwa pindo la gauni. Lilikuwa ua la waridi.

Nilikaa. Palepale kwenye matope, na gauni la kanisani. Nakwambia ukweli, kwa muda sikuelewa ninachokiona. Nilifikiri ni sinia linalofanana na la mama. Kisha nikaona ukingo mmoja, ule uliopasuka rangi siku nilipoliangusha nikiwa mdogo. Baba. Mtu aliyenyoosha misumari. Alichukua kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani, akakikata kwa msumeno mpaka akajikata na kidole, akaiziba njia rahisi ya kufikia filta ya gari lake mwenyewe. Na hapo nyuma yangu fundi akaingiza mkono penye uwazi, bila kuinama sana, akasema filta hii hapa, akaifungua.

Nililibeba sinia mpaka jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikaliweka mbele yake. Akalitazama, na hakushtuka. Hapo ndipo mimi niliposhtuka kuliko nilivyoshtuka kule nje.

"Limetoka," akasema.

Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema tangu ile Jumamosi, fundi wa malori alipogonga. Amewapakulia wageni kwenye lile sinia tangu anaolewa, amelisugua, limemponyoka, atakosaje kuujua mlio wake? Nikamkumbusha kwamba hata baada ya siku ile alizidi kulitafuta, na jirani akazidi kununa. Akasema ndiyo, angeacha kulitafuta ghafla, wifi yake angeuliza limepatikana wapi. Baadaye yeye mwenyewe alikwenda kumwomba jirani radhi, kimyakimya, bila kumweleza kwa nini.

Nikamwuliza lile nililolibeba miaka yote. Kwa nini baba hakusema tu kwamba nina akili? Mwalimu alikuwa ameshamwambia.

Mama aliacha kuchambua. "Angesema una akili, shangazi yako angesema Moshi kuna shule nzuri kuliko za huku. Akili ungeondoka nayo. Gari ndilo lisingeondoka."

Hebu fikiri, rafiki yangu. Nimekuwa mtu mzima, nimepokea watoto wa watu mikononi, nimezaa wangu, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata mara moja. Nikamwuliza, sasa mbona hamkuniambia?

"Wakati ule ungemwambia shangazi yako," mama akasema. "Ulikuwa na mdomo." Akaendelea na maharage yake. Halafu akasema, kama anayeshangaa yeye sasa, "Na ulipokua tulijua unajua. Mkono ulishakataa kupita, na gari bado linatembea. Ulidhani filta anaifungua nani?"

Nililia pale jikoni kama ambavyo sikulia kaburini. Mama hakunibembeleza, si desturi yake, alinisogezea tu kigoda. Tukiwa hivyo fundi akatokea mlangoni, mikono myeusi, akatoa shikamoo kwa mama, akaitikiwa, akauliza kama lile bati alirudishe kabla ya kufunga tairi. Mama akamjibu kabla yangu.

"Liache, mwanangu. Wifi yangu alishafariki, na huyu ameshamaliza shule."

Mchana ule gari likawaka. Lilikohoa kama zamani asubuhi za baridi, likatoa moshi, kuku wakatawanyika. Fundi akapakia pikipiki yake nyuma, akaondoka nalo polepole kuelekea Same. Barabara siku hizi inalimwa na katapila, na pembe ya msaragambo sijui iko kwa nani. Babu mwenyekiti hayupo, shangazi hayupo, bodaboda ndizo zinazoshusha tangawizi. Mama alilisugua sinia kwa majivu, matundu ya bolti yakabaki pembeni, akanipakulia magimbi juu yake, mimi, kama mgeni.

Nilikula nimesimama uani, nikisikiliza injini ikipotea kona baada ya kona. Mkono wangu ulikuwa bado unanuka oili na umechubuka, na kama ungeniambia nitoe chochote nilicho nacho, ningetoa, nisikie mara moja tu mtu akiuliza pale uani mkono uko wapi, nimjibu kwamba uko hapa, baba, huu hapa.